Kozi moja, kozi zote, au chuo cha weusi? Ulinganisho kwa anayetafuta masta ya ustawi wa jamii Marekani

Mtoto wa shangazi yangu amepata admisheni mbili za masta ya ustawi wa jamii huku Marekani, ya tatu anaisubiri, basi wiki iliyopita kanitumia voisi noti ya dakika kumi na moja (huwa sisikilizi voisi ya zaidi ya dakika tatu ila huyu ni damu) anauliza dada nichague ipi, maana zote tatu kwenye websaiti zimeandika zinapinga ubaguzi wa rangi na zote zina picha ya mwanafunzi mweusi anacheka chini ya mti. Nikaanza kumjibu kwa meseji, meseji ikawa ndefu, nikaona niiandike yote vizuri na wengine waipate.

Tuwekane sawa kwanza. Ubaguzi ninaouzungumzia si wa mtu kukutukana kituo cha basi, huo upo na haufundishwi darasani. Nazungumzia ule uliojengwa ndani ya mfumo wenyewe, yaani kwenye fomu, kwenye mtihani wa leseni, kwenye masaa ya fildi (yale mafunzo ya kazi nje ya darasa), kwenye nani anaandika ripoti na nani anaandikwa. Na fani yetu usidhani ilikuwa pembeni inatazama. Mwaka 2021 NASW, chama kikubwa cha maafisa ustawi wa Marekani, kiliomba radhi hadharani na kikataja makosa kwa majina: maafisa ustawi walishiriki kuwaondoa watoto wa wenyeji asilia kwa wazazi wao na kuwapeleka shule za bweni, walikaa kwenye meza za kuandikisha Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa makambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na walisaidia kutafuta wanaume weusi wa kuingizwa kwenye utafiti wa kaswende wa Tuskegee, ule ulioanza 1932 ukaja kusimamishwa 1972 wakati dawa ilikuwepo miaka mingi. Kwa hiyo shule ikikuambia inafundisha mambo haya haikufanyii hisani, inafagia kwake.

Na ndo sababu websaiti zote zinafanana. CSWE, baraza linalozipa shule hizi ithibati, lilibadilisha viwango vyake 2022 na sasa kati ya umahiri tisa ambao kila mhitimu lazima auonyeshe, wa tatu unataja kupinga ubaguzi wa rangi kwa jina. Viwango vya 2015 vilikuwa vinasema tu utofauti wa watu, basi. Kila shule yenye ithibati lazima iseme. Sasa swali si nani anasema, wote wanasema, swali wanafanyaje, na hapo ndo kuna njia tatu zinazotofautiana kweli.

Ile karatasi yangu

Nitazilinganisha kwa kutumia karatasi moja, ya kwangu mwenyewe, maana ukilinganisha kwa maneno matupu zote zitaonekana nzuri.

2019 nilikuwa fildi Texas kwenye shirika moja linalofanya kazi na familia ambazo shule au majirani wamezipigia simu ya kuripoti. Nilipelekwa kwa mama mmoja Mkongo, katoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yule mama Kiswahili chake kitamu cha Kigoma na Kivu kimechanganyika, anafanya shifti ya usiku kiwanda cha kuku. Binti yake mkubwa ana miaka kumi na moja, ndo anawalisha wadogo zake wawili, anawaogesha, asubuhi anawapeleka kituo cha basi la shule. Mwalimu aliona binti anasinzia darasani, akaripoti.

Fildi kuna kitu unaandika, wanakiita prosesi rekodi. Unagawa karatasi, upande mmoja mazungumzo yako na mteja neno kwa neno, upande wa pili ulichokuwa unafikiri na unachohisi wakati ule, halafu supavaiza wako anaisoma na kuandika pembeni. Mi nikaandika kwamba mtoto amebebeshwa majukumu ya mzazi, kiashiria cha hatari, mama haonyeshi kuelewa uzito wa jambo. Supavaiza, mama wa kizungu mpole kabisa, akachora alama ya vema na kuandika kwa kalamu ya zambarau: umeona vizuri.

Sasa mi nani. Mi ni mtoto wa kwanza kwetu Tabora, miaka kumi nilikuwa nabeba mdogo wangu mgongoni huku nasonga ugali, na mama yangu hakuna mtu aliyemwandika popote. Na nilimsikia yule mama kwa lugha yangu mwenyewe akiniambia jirani wa chumba cha pili, Mrundi, huwa anachungulia watoto saa mbili na saa nne usiku. Niliandika? Niliandika upande wa mazungumzo. Upande wa tathmini sikuiweka, maana kwenye fomu hakuna sehemu ya jirani.

Hiyo ndo karatasi. Haina tusi hata moja. Mweusi kamwandika mweusi, mzungu mpole kapiga vema, na faili la yule mama likanenepa. Hebu tuone kila njia ingeifanya nini.

Njia ya kwanza: kozi moja ya lazima

Hapa shule inasema kila mwanafunzi lazima asome kozi kamili ya ubaguzi wa rangi, ina silabasi yake, ina maksi, ukifeli unarudia. Mfano wa siku nyingi ni Smith College kule Massachusetts, shule yao ya ustawi ipo tangu 1918 na katikati ya miaka ya 90 ilijitangaza kuwa itakuwa taasisi inayopinga ubaguzi, na kozi ya ubaguzi Marekani ikawa ya lazima. Shule nyingi zimefuata kwa namna zao.

Uzuri wake ni muda. Wiki kumi na kitu za kukaa na jambo moja si mchezo, unasoma historia mpaka unaelewa kwa nini mtaa ule uko vile. Na huwezi kuikwepa, maana kuna watu ambao wasipolazimishwa wanaenda mpaka leseni bila kujua chochote.

Ubaya wake naujua kwa sababu ndo niliyosoma. Kwanza kozi ikiisha watu wanapumua, ile semista ya pili ukitaja rangi kwenye kozi ya tathmini ya magonjwa ya akili unaangaliwa kama mtu aliyeleta harufu ya samaki ofisini, si tulishamaliza hayo? Pili mara nyingi anapewa afundishe lekchara mweusi wa mkataba, peke yake, na darasa linageuka sehemu ya wenzetu wazungu kulia na kujitakasa na sisi kuwabembeleza. Mi Mtanzania nina miaka minne nchini naulizwa "jamii yako inaonaje suala la polisi", jamii ipi jamani, Wanyamwezi? Kulikuwa na dada mmoja mweusi wa Houston, mzaliwa wa hapa kizazi na kizazi, akaniangalia nilivyokuwa najibu akaniambia baadaye kwenye ngazi, wewe ukichoka una kwenu, mi kwetu ndo hapa. Nilikasirika siku mbili halafu nikaona ana haki.

Na karatasi yangu? Kozi ile ilikuwa semista ya kwanza, fildi ya kweli ilikuja baadaye. Hazikukutana. Nilipata A ya ubaguzi, halafu nikaenda kumwandika yule mama.

Njia ya pili: kwenye kila kozi

Hapa hakuna kozi maalum, au ipo ndogo ya kuanzia, halafu kila kozi inatakiwa ibebe jambo hili. Columbia, New York, wao waliweka msamiati wao wa nguvu, rangi, ukandamizaji na upendeleo uliotakiwa kupita kwenye masomo yote, japo wao waliongeza na kozi ya msingi ya kuuondoa ukoloni kwenye fani, kwa hiyo ni mchanganyiko. Viwango vya 2022 navyo vinasukuma shule upande huu.

Ikifanywa vizuri hii ndo tamu kuliko zote na niseme ukweli ndo ningeitaka. Kozi ya sera inafika kwenye Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, badala ya kukaririshwa tarehe unaulizwa kwa nini vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje, unaangalia ni nani walikuwa wanafanya kazi hizo kusini mwa nchi, unaona weusi waliachwa bila neno mweusi kuandikwa hata mara moja. Hapo ndo unaelewa mfumo ni nini! Kozi ya utafiti inafika Tuskegee si kama hadithi ya huzuni bali kama somo la ridhaa ya mshiriki. Kozi ya tathmini ingechukua karatasi yangu na kuuliza hiki kipimo cha mtoto kubebeshwa majukumu kilitengenezwa kwa kuangalia familia za nani, na mbona fomu ina mstari wa baba na haina mstari wa jirani.

Ila. Inatakiwa iwe kama chumvi kwenye mboga, haionekani ila ukionja unaijua, tatizo kila mpishi anadhani mwenzie ameshatia. Lekchara wa takwimu anasema hayo yako kwenye sera, wa sera anasema yako kwenye fildi, fildi wanasema mlishasoma darasani. Rafiki yangu alisoma shule ya namna hii, nilipomuuliza ni wapi walifundishwa akafikiri, akasema kulikuwa na slaidi. Kila wiki kulikuwa na slaidi moja ya mwisho, na muda ulikuwa unaisha kabla haijafikiwa.

Kwa hiyo njia ya kwanza hata ikifanywa ovyo unapata kitu, njia ya pili ikifanywa ovyo hupati hata harufu. Mtu akiniambia chagua bila kujua shule yenyewe, nachukua kozi moja, roho inaniuma ila nachukua.

Njia ya tatu: vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi

Hii wengi wetu tukiwa nyumbani hata hatuijui, tunajua Harvard na ile ya jirani yake mjomba. Atlanta School of Social Work ilianza 1920 kwa sababu kusini weusi walikuwa hawapokelewi kwenye mafunzo haya, na leo iko ndani ya Clark Atlanta University kwa jina la Whitney M. Young Jr., aliyekuwa mkuu wa shule pale kuanzia 1954 hadi 1961, baadaye akawa rais wa NASW na akafia Lagos 1971. Kabla yake, miaka ya 20, shule iliongozwa na msosholojia E. Franklin Frazier. Huyu 1927 alichapisha makala akichambua chuki za wazungu kama mtu anavyochambua ugonjwa wa akili, vitisho vikamfanya aondoke Atlanta. Yaani mkuu wa shule ya ustawi wa jamii kafukuzwa mji kwa kugeuza darubini! Mpaka leo wazo hilo, nani anamchunguza nani, ndo tofauti kubwa ya shule hizi. Howard, pale Washington, shule yao ikasimama yenyewe 1945 chini ya mkuu wa kwanza Inabel Burns Lindsay, na mpaka sasa inafundisha kwa kinachoitwa mtazamo wa weusi, wenye kanuni sita zikiwemo kuthibitisha utu, kuanzia kwenye nguvu za familia, na kuunganisha na watu weusi duniani.

Kwenye njia mbili za kwanza swali huwa tuwahudumie vipi watu weusi bila kuwaumiza. Hapa swali ni watu hawa wameishije mpaka leo, na nini kinachowabeba tukiimarishe. Karatasi yangu ingeanza na jirani Mrundi. Angekuwa mstari wa kwanza, si wa kuachwa. Kukaa na ndugu, bibi, mama mdogo, mtu wa kanisani, hivyo ni vitu ambavyo wanazuoni weusi wa fani hii wameviandika kama nguvu kwa miongo mingi, na chama chao wenyewe, NABSW, kilizaliwa 1968 San Francisco baada ya kususia mkutano mkubwa wa ustawi wa jamii kwa sababu walichoka kusemewa.

Mapungufu yapo, tusidanganyane. Howard na Clark Atlanta ni vyuo binafsi, ada yake siyo ya chuo cha jimbo, ukae na kikokotoo. Halafu Afrika ya darasani siyo lazima iwe ya kwenu: utafundishwa utu na mtu ambaye hajawahi kupanda daladala, utakutana na umoja, ujima, nia na kuumba, miongoni mwa nguzo saba za Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi ya tangu 1966, zikitumika kwenye programu za malezi ya vijana, na utamwona kijana wa Atlanta anatamka "kujichagulia" kwa heshima ambayo we hujawahi kulipa neno hilo. Mi mwanzo nilicheka siku nilipoona. Siku hizi sicheki. Na jambo lingine, mambo ya viza, hifadhi, familia iliyogawanyika nchi tatu, hayo hata huko utayatafuta kwa mkono, maana mweusi anayezungumziwa kwanza ni Mmarekani mweusi, na ni haki yake.

Nikizipanga bega kwa bega haraka haraka

Muda wa kukaa na historia: kozi moja inashinda njia ya pili, ila chuo cha weusi kinazishinda zote kwa sababu historia ni ya nyumba yenyewe. Kuunganisha darasa na fildi: njia ya pili ikiwa ya kweli, au ya tatu. Kuchoka kwako wewe kama mweusi pekee darasani: njia ya kwanza ni mbaya sana, ya pili wastani, ya tatu unapumzika, na hili usilidharau, mi nililipa kwa usingizi. Gharama, vyuo vya jimbo vya njia mbili za kwanza ni nafuu zaidi kama una ukaazi wa jimbo. Kusoma onlaini huku unafanya kazi, chaguo ni nyingi zaidi njia mbili za kwanza.

Ila hayo ni darasani. Mambo matatu yaliyobaki hayako kwenye silabasi na kwangu mimi ndo yenye uzito zaidi.

Fildi, yaani pesa

Masta inataka masaa yasiyopungua 900 ya fildi. Nyingi hazilipwi. Piga hesabu ya dola 15 kwa saa, hizo ni dola 13,500 ambazo hukuingiza, na bado unalipa ada kwa krediti za fildi hiyohiyo, yaani unalipa ili ukafanye kazi bure. Nani anaweza? Mwenye mume au wazazi wa kumbeba. Nani hawezi? Unajua nani hawezi. Hapo mfumo umechuja bila kumuuliza mtu rangi yake. Wanafunzi wa chuo cha University of Michigan walianzisha vuguvugu la kudai fildi zilipwe na limeenea vyuo vingi, baadhi ya shule zimeanza kutoa posho au kukuruhusu fildi iwe kazini kwako.

Mwaka 2023 mwanzoni ofisi ya fildi ya shule ya ustawi ya University of Southern California ilitangaza inaacha kutumia neno fildi, kwa kuwa kwa Kiingereza ni neno hilohilo la shamba na linakumbusha watumwa na vibarua wa mashambani. Nchi nzima ikacheka, wengine wakakasirika. Mi nilisoma nikiwa nakula, nikawaza Bongo kila mwanafunzi wa Ustawi pale Kijitonyama anasema "niko fildi" na Wakenya wanasema "niko atachi", tungebadilisha mangapi. Sina ugomvi na neno kubadilishwa. Ila nikipewa kuchagua kati ya jina jipya na posho mpya, nadhani mnajua mkono wangu utanyooka wapi.

Kwa wenye viza ya mwanafunzi: fildi nje ya chuo inahitaji kibali cha mafunzo kazini, hata isiyolipwa usianze kabla hujaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na kama una digrii ya ustawi ya nyumbani usiitupe, CSWE ina huduma ya kutathmini digrii za nje, ikikubalika kuwa sawa na ya hapa unaweza kuomba kuanzia hatua ya juu, unaokoa karibu mwaka mzima.

Mtihani wa leseni

Mwaka 2022 ASWB, wenye mtihani, waliachia takwimu ambazo watu walikuwa wanazidai muda mrefu. Mtihani wa kliniki wa 2021: wazungu karibu 84 kati ya 100 walifaulu mara ya kwanza. Weusi 45. Rudia kusoma. Hawa wote wana masta, wengine darasa moja. Waliokuwa na lugha nyingine kabla ya Kiingereza nao wako chini. Mi mwenyewe nilianguka mtihani wa ngazi ya masta mara ya kwanza, dola 230 zikaenda, na maswali yaliyonimaliza ni yale ya "afisa afanye nini KWANZA" ambapo majibu manne yote ni mambo ya maana na inabidi ukisie mtunga swali anaishije.

Illinois tangu mwanzo wa 2022 imeuondoa mtihani kwa leseni ya ngazi ya masta. Minnesota sheria yao iliweka leseni ya muda kwa waliozaliwa nje ambao Kiingereza ni lugha ya pili. Kwa hiyo jimbo unaloenda kuishi lina uzito kuliko jina la chuo, soma websaiti ya bodi ya jimbo wewe mwenyewe kwa sababu sheria hizi zinabadilika. Shule ikijigamba inapinga ubaguzi muulize mwaka jana weusi wenu wangapi walifaulu na mliwasaidiaje. Akianza na "safari", "mazungumzo yanaendelea", ujue.

Jimbo na upepo

Texas sheria yao iliyoanza Januari 2024 ilifunga ofisi za utofauti na ujumuishi vyuo vya umma. Ufundishaji darasani haukuguswa na sheria hiyo, ila ile ofisi uliyokuwa unakimbilia ukionewa fildi haipo, na malekchara wanajichunga. Florida nao 2023 walibana. Hii inagusa hasa njia ya pili, maana kitu kilichotawanyika ni rahisi kufifia bila mtu kukifuta, kozi yenye namba yake ikifutwa angalau inaonekana.

Waingereza yaliwakuta zamani. Mwishoni mwa miaka ya 80 baraza lao la mafunzo ya ustawi, CCETSW, liliweka kupinga ubaguzi kuwa sharti la diploma, 1991 kiambatisho kikasema wazi ubaguzi uko kwenye maadili na miundo ya jamii ya Uingereza. 1993 magazeti yakawavaa, na diploma ilipopitiwa upya 1995 kiambatisho hakikurudi. Miaka minne! Kwa hiyo usiolewe na tamko, angalia kilichofungwa kwenye bajeti.

Basi nani achague nini

Kama umetoka nyumbani moja kwa moja, huna watoto, na skolashipu imepatikana, mi ningekusukuma chuo cha weusi bila kupepesa, utajifunza Marekani kutoka kwa walioijenga na utaacha ule ugonjwa wetu wa kudhani sisi Waafrika tuna nafuu. Kama una kazi, watoto, na unaishi Dallas au Minneapolis, chuo cha jimbo chenye kozi moja ya lazima na fildi inayolipwa kinatosha, hayo mengine jazia kwa kukaa na watu wa NABSW au kundi la usimamizi la maafisa weusi. Njia ya pili chukua tu kama wamekuonyesha silabasi tatu tofauti, si za kozi za utofauti, omba ya takwimu, ya tathmini na ya sera, angalia jambo lipo wiki ya ngapi na lina maksi ngapi. Likiwa slaidi ya mwisho kimbia.

Mdogo wangu yule wa voisi noti nilimwambia aziandikie zile shule mbili maswali mawili tu: prosesi rekodi za wanafunzi anazisoma nani na amefundishwa nini kuhusu ubaguzi, na wanafunzi wangapi mwaka jana walilipwa fildi. Moja walimjibu siku ya pili, mama mmoja wa ofisi ya fildi kaandika aya tano, akakiri supavaiza wao wengi wanapata semina ya siku moja tu na hairidhishi, akatoa na namba ya waliolipwa ambayo wala si kubwa. Nyingine wakamtumia linki ya tamko. Ya tatu hakuingoja. Ametuma depositi Ijumaa kwa waliokiri.

Halafu kaniomba nimtumie ile karatasi yangu aione. Ninayo, iko kwenye folda ya 2019 na ile kalamu ya zambarau inaonekana vizuri kabisa. Bado sijamtumia.